Gandhi Alifunza Dunia Nzima, Lakini Watoi Wake Mwenyewe Aliwanyima Shule

Kama umesoma UoN, au hata umepita tu pale main campus ukienda town, umeshaona ile sanamu ya mzee wa Kihindi. Huyo ni Mahatma Gandhi. Aliuawa 1948, na baadaye Wahindi wa Afrika Mashariki wakachanga doo za kujenga chuo cha kumkumbuka. Hiyo pesa ikaunganishwa na mradi wa Royal Technical College, chuo ambacho kilikuja kuwa University of Nairobi. Sanamu ilizinduliwa 1956. Mpaka leo kuna library pale yenye jina lake.

Sasa shika hii: huyo msee ambaye jina lake liko kwa library ya chuo kikuu alikuwa na vijana wanne, na hakuna hata mmoja alimpeleka shule ya maana. Si ati alikuwa amesota. Alikuwa wakili, amesomea London, na kuna wakati Johannesburg alikuwa anaingiza chapaa ya nguvu. Aliamua tu. Na kifungua mimba wake, Harilal, hakumsamehe mpaka siku ya kufa.

Story za Gandhi unazijua: kufunga kula, kutembea kwenda kuchukua chumvi baharini, kuwatoa Waingereza India bila kurusha hata jiwe. Hii ya nyumbani kwake huwa haisemwi sana. Na ukiiskiza utaona inafanana na kesi ambazo pengine ziko kwenu kejani saa hii.

Tuanzie mwanzo. Gandhi alizaliwa Porbandar, pwani ya India, 1869. Wazazi walimwoza akiwa na miaka 13 tu, mke wake Kasturba naye wa umri huo huo. Watoto wawili wanaoana, hawajui hata kuishi ni nini. Mtoto wao wa kwanza alikufa baada ya siku chache. Harilal akazaliwa 1888, na kabla hata hajajua kukaa, babake akapanda meli kwenda London kusomea sheria. Kakake Gandhi ndiye alitafuta pesa. Kwa hivyo miaka mitatu ya kwanza ya Harilal, fathe alikuwa ng'ambo anasoma. Weka hiyo akilini, itarudi.

Akarudi 1891 akiwa ameshakuwa wakili, lakini kazi yenyewe ikamkataa kabisa. 1893, muda mfupi baada ya kijana wa pili, Manilal, kuzaliwa, akapata dili ya mwaka mmoja na kampuni ya Wahindi Afrika Kusini. Akahepa tena. Safari hiyo, by the way, ilipitia kwetu. Meli ilitia nanga Lamu kwanza, jamaa akashuka kuona mji, akapiga story na makarani Wahindi wa posta, na kidogo tu aachwe na meli kwa sababu maji yalikuwa yamechafuka na mashua ilikuwa inasumbua kufika. Halafu Mombasa, halafu Zanzibar, ndio akaendelea chini.

Mwaka mmoja ukawa karibu ishirini. 1896 alirudi India kuchukua familia, na Januari 1897 wakashuka Durban. Harilal alikuwa na miaka nane, Manilal minne, na pamoja nao alikuwa mpwa wa Gandhi, Gokuldas, wa kama miaka kumi. Watoto hawa ndio mara yao ya kwanza kukaa na huyu mzee kwa muda. Na karibisho lao Afrika Kusini lilikuwa baba yao kupigwa na kundi la Wazungu waliokuwa hawataki Wahindi zaidi waingie, karibu wamuue barabarani.

Hapo Durban ndipo suala la shule likaanza. Shule nzuri zilikuwa za Wazungu. Mtoto wa Mhindi wa kawaida hangeweza kuingia, lakini Gandhi, kwa sababu ya jina lake, angepewa nafasi kama upendeleo. Shule zingine zilikuwa za mishonari, na hizo hakuzipenda. Akajiuliza, kama watoto wa Wahindi wenzangu hawawezi kuingia hapo, wangu wataingia kwa nini? Akakataa.

Hapo mimi namsalimu. Ni wangapi hapa kwetu wanapiga kelele kuhusu shule za serikali na watoto wao wako shule za karo ya milioni? Huyu alikuwa na njia ya mkato akaiacha. Shida ni kwamba aliyelipa bei ya hiyo msimamo hakuwa yeye. Alikuwa mtoto wa miaka nane.

Kwanza aliajiri mwalimu Mwingereza wa kuja nyumbani, pauni saba kwa mwezi. Haikuridhisha. Harilal na Gokuldas wakarudishwa India wakakae shule za bweni kwa muda, wakarudi tena. Halafu mzee akaamua atawafunza mwenyewe. Mpango ulikuwa mzuri kwa karatasi. Lakini huyu ni mtu ambaye ana kesi kortini, ana mikutano ya siasa, ana gazeti la kuendesha, na usiku analea wagonjwa. Saa ya masomo ikawa ni ile ya kutembea. Johannesburg walikuwa wanatembea naye kutoka nyumbani hadi ofisi na kurudi, kama maili tano kwa siku, na darasa lilikuwa barabarani. Mtu akimsimamisha kumsalimia, somo limeisha.

Kuna kitu kingine. Gandhi alikuwa anawaongelesha watoto Kigujarati pekee. Rafiki yake, Henry Polak, Mwingereza waliyekuwa wakiishi nyumba moja, alikuwa anamwambia anawaharibia maisha, wafunze Kiingereza tangu wadogo watatoboa mapema. Waliargue hii maneno mara nyingi na hawakukubaliana. Gandhi aliamini mzazi anayemlea mtoto kwa lugha ya kigeni anamkata mizizi. Ukitaka kuona hiyo debate bado iko hai, ingia nyumba yoyote ya Nairobi ambapo mathe anamkaripia mtoto kwa kuongea Sheng na mtoto huyo huyo hawezi kusalimia shosho ocha kwa lugha ya kwao.

Si ati alikuwa baba baridi. Kitinda mimba, Devdas, alipozaliwa 1900 mkunga alichelewa, na Gandhi ndiye alimzalisha Kasturba kwa mikono yake. Alikuwa ameshasoma kitabu kuhusu uzazi, akajiandaa. Wababa wa enzi hizo hata kushika mtoto ilikuwa noma. Manilal akiwa na miaka kumi alipata homa ya matumbo pamoja na nimonia, daktari akasema apewe mayai na supu ya kuku. Familia haikuwa inakula nyama. Gandhi akakataa, akamfunga kwa shuka yenye maji, akakesha naye, akatoka nje usiku kutembea akiomba, akarudi akapata mtoto anatoka jasho na homa imeshuka. Kijana akapona. Unaona aina ya mzee? Mapenzi yako pale, mengi hata, lakini sheria zake haziinami kwa mtu yeyote, hata kama huyo mtu ni mtoto wake anayewaka homa.

1904 akanunua shamba la ekari mia hivi karibu na Durban, akaliita Phoenix, watu waishi pamoja, walime, wachape gazeti, kila mtu alipwe sawa. Masomo ya watoto huko yalikuwa kazi ya mikono nusu na vitabu nusu, tena vitabu mara nyingi vilikuwa vinashindwa na jembe. Baadaye 1910 kukawa na Tolstoy Farm karibu na Johannesburg, shamba la rafiki yake Hermann Kallenbach, mpango ni ule ule.

Sasa turudi kwa Harilal. Kijana alikuwa mkali, handsome, na alikuwa na ndoto moja tu: awe wakili kama buda yake. Si ndoto ya ajabu, sindio? 1906, akiwa India, alioa msichana anaitwa Gulab, na Gandhi hakufurahia, aliona bado ni mapema. Harilal akaja Afrika Kusini hata hivyo na akaingia vita vya mzee mzima mzima. Serikali ilikuwa inalazimisha Wahindi kujisajili na alama za vidole. 1908 Harilal akaanza kuuza vitu mtaani bila leseni makusudi ashikwe. Akashikwa. Babake ndiye alisimama kortini kama wakili wake, na hakuomba ahurumiwe. Kati ya hapo na 1911 kijana aliingia jela mara kadhaa, hard labour, mke na mtoto mchanga wakingoja nje. Watu wakaanza kumuita Gandhi Mdogo.

Kwa hivyo usidhani alikuwa kijana wa hovyo anayelilia starehe. Alikuwa amelipia.

Halafu ikaja scholarship. Daktari Pranjivan Mehta, rafiki wa Gandhi tangu siku za London, alijitolea kusomesha kijana mmoja Uingereza. Kila mtu alijua nani anastahili. Gandhi akaichukua hiyo nafasi akampa jamaa mwingine wa ukoo, Chhaganlal. Chhaganlal akaenda, akaugua, akarudi kabla ya kumaliza. Nafasi ikafunguka tena. Harilal akashika tumaini. Gandhi akampa Sorabji Adajania, kijana wa jamii ya Kiparsi ambaye alikuwa amefungwa naye kwenye harakati.

Mara mbili! Unaelewa hiyo inafanya nini kwa mtoto?

Ukimsikiza Gandhi, ana point. Angempa mtoto wake, wangesema anakula na familia, na harakati yote ingenuka. Tunajua vizuri sana hapa Kenya kazi inavyopewa mtoto wa mkubwa. Lakini kwa Harilal, yeye hakuona kanuni. Aliona baba ambaye alienda London akiacha mtoto mchanga, akasoma, akawa mtu, halafu akafunga mlango nyuma yake na kusema elimu hiyo haina maana.

1911 Harilal akatoroka. Alitoka nyumbani bila kuaga vizuri, inasemekana alibeba picha ya babake kwa mzigo, akafika Delagoa Bay, yaani Maputo ya leo, akielekea India. Watu wa Gandhi wakamfuata wakamrudisha. Baba na mwana wakaongea kwa kirefu, na mwishowe Gandhi akamwachilia aende zake. Akaenda Ahmedabad, akakaa darasani na watoto wadogo kwake sana, mtu ameoa, ana watoto, anatafuta kupita mtihani wa kumaliza sekondari. Akaanguka. Akarudia, akaanguka tena. Hakuwahi kupita.

Gandhi aliporudi India 1915 na kufungua ashram yake Ahmedabad, Harilal akamwandikia barua ndefu, akaichapisha na kuisambaza kwa watu. Mashtaka yalikuwa wazi: umetunyima elimu, hujawahi kutuskiza, umetutumia kufanyia majaribio ya imani zako. Leo angeweka thread. Baada ya hapo wawili hao hawakurudi kuwa kitu kimoja tena.

Na ukimsaidia Harilal, ulikuwa unaingia matatani. Manilal alimtumia kakake pesa kidogo akiwa ashram. Gandhi akagundua, akaona ni kama kuiba mali ya umma, akamfukuza Manilal akaenda kujitafutia kazi Madras peke yake. Baadaye akamrudisha Afrika Kusini, na hapo Manilal akajipata. Kutoka 1920 mpaka akafa 1956 aliendesha lile gazeti la Phoenix, Indian Opinion, mtu ambaye hakuwahi kukaa darasa la maana akiandika wahariri kila wiki dhidi ya serikali ya ubaguzi. 1930, kwenye maandamano ya chumvi Dharasana, alikuwa mstari wa mbele kabisa, akipigwa marungu ya polisi. Lakini hata yeye ana kidonda chake. 1926 alitaka kuoa binti wa familia ya Kiislamu ya Cape Town, wamependana muda mrefu. Gandhi akakataa, akisema ndoa hiyo ingeleta vurugu kati ya Wahindu na Waislamu. Manilal akanyenyekea, mwaka uliofuata akaoa mwanamke aliyechaguliwa na wazazi.

Harilal yeye mambo yalizidi kuchacha. 1918 ile homa kubwa ya mafua iliyopita dunia nzima ilimchukua Gulab, na hapo ndipo kamba ilikatika. Keroro ikawa rafiki. Biashara alizojaribu zilianguka, madeni yakapanda. 1925 wakili wa mtu aliyepoteza pesa kwa kampuni iliyokuwa na jina la Harilal alimwandikia Gandhi, na Gandhi akajibu gazetini mwake mwenyewe, Young India, akieleza umma kwamba mambo ya huyo kijana si yake. Kasturba ndiye alibaki akilea wajukuu.

1936 Harilal akasilimu Bombay, akaitwa Abdullah, na magazeti ya India nzima yakaenda nayo. Miezi michache baadaye akarudi Uhindu. Gandhi aliandika hadharani kwamba dini si shida kwake, shida ni kwamba haoni kama moyo wa kijana umebadilika. Kasturba, mama ambaye hakuwa mtu wa kuandika magazetini, naye akatoa barua ya wazi kwa mwanawe, ya uchungu mtupu. Fikiria ugomvi wa familia yenu ukisomwa na nchi nzima.

Kuna kisa kinasimuliwa sana kuhusu hiyo familia. Treni ya Gandhi ilisimama stesheni ya Katni, umati unapiga kelele za kumsifu baba, na katikati yao sauti moja inamsifu Kasturba. Alikuwa Harilal, amechoka, nguo zimeraruka, ametoa chungwa mfukoni. Akampa mama. Gandhi akauliza lake liko wapi, kijana akamjibu hilo ni la mathe peke yake. Akamlazimisha alile hapo hapo, treni ikaondoka. Kasturba akakumbuka baadaye kwamba hawakumpa mtoto chochote cha kula.

Sasa, ukiangalia vizuri, mzee alikuwa anabadilika polepole, shida ni kwamba wadogo ndio walifaidi. Devdas alipenda Lakshmi, binti wa mwanasiasa C. Rajagopalachari. Huyo alikuwa Brahmin, Gandhi alikuwa wa tabaka la wafanyabiashara, na kwa India ya wakati huo hiyo ilikuwa kesi. Wazazi wote wawili hawakukataa kama alivyokataliwa Manilal. Waliwaambia wangoje miaka mitano bila kuonana, kama bado watapendana, sawa. Wakangoja. Juni 1933 wakaoana Poona, Gandhi akiwa ndio ametoka kwa mfungo wa siku 21, mwembamba kama fimbo, lakini yuko. Miaka ya arobaini alifika mahali pa kusema hatahudhuria harusi isipokuwa ya watu wa matabaka tofauti. Manilal alikuwa ameshazeeka kwa ndoa ya kupangiwa.

Hata kwa elimu, kwa kitabu chake cha maisha alikubali kwamba watoto wake wana haki fulani ya kulalamika, na kwamba hakuwapa muda alioupanga. Lakini bado alitetea uamuzi wenyewe. Na yale mawazo aliyojaribia kwa Harilal na nduguze, masomo kwa lugha ya mama, mtoto ajifunze kupitia kazi ya mikono, ndiyo aliyoyaleta mbele ya nchi Wardha mwaka 1937 kama mpango wa elimu ya India. Ukiskia mjadala wa CBC hapa kwetu, kuna sehemu utadhani ni yeye anaongea.

Mimi siamini Harilal aliharibika kwa sababu ya shule peke yake. Devdas naye hakuenda shule na akawa mhariri wa Hindustan Times. Tofauti ni kwamba Devdas alilelewa na mzee ambaye tayari ameshakosea kwa mwingine, na alikuwa karibu naye kila siku. Kama uko kifungua mimba kwenu unajua ninasema nini.

Februari 1944 Kasturba alikuwa anakufa, wamefungwa pamoja na Gandhi kwa nyumba ya Aga Khan, Poona, tangu 1942. Harilal akaruhusiwa kumwona. Siku moja alifika akiwa mlevi, ikabidi atolewe, na mama akajipiga kichwa kwa uchungu. Devdas naye alikuwa amehakikisha penicillin imeletwa kwa ndege, dawa mpya sana wakati huo. Gandhi aliposikia ni sindano, tena nyingi, akasema mama aachwe aende kwa amani. Devdas alibishana na baba yake kwa nguvu, pengine kuliko siku nyingine yoyote maishani, halafu akanyamaza. Kasturba alikufa tarehe 22.

Gandhi akapigwa risasi Delhi tarehe 30 Januari 1948. Kwa desturi za Kihindu, mwana wa kwanza ndiye huwasha moto wa maiti ya baba. Walimngoja Ramdas, wa tatu, afike kutoka Nagpur, na yeye ndiye aliyeuwasha mbele ya halaiki. Harilal alikufa miezi mitano baadaye, Juni, kwa TB, hospitalini Bombay. Alikuwa na miaka 59.

Mjukuu wa Harilal, Shanti Gandhi, alisoma udaktari, akahamia Marekani, akawa daktari wa upasuaji wa moyo jimbo la Kansas, na 2012 akachaguliwa bunge la huko.